Puliza, Mzee, Usikate

Mjini hapa ukisema kifua kinakubana huna haja ya kutafuta daktari. Madaktari watakutafuta wenyewe. Mama mkwe aliponisikia nakohoa usiku akasema ni baridi imeingia mgongoni, kwa sababu nalala na feni. Shemeji akasema kichomi. Konda wa daladala, ambaye wala hakuulizwa, akanipa yake: "Mzee, hiyo gesi tu. Piga soda ya tangawizi, ucheue, yaishe."

Gesi! Nchi hii gesi inasingiziwa kila kitu. Bega likiuma, gesi. Kichwa kikigonga, gesi. Panda basi la mkoani uone kama utafika bila kijana kusimama katikati na vichupa vya dawa ya gesi, ambayo kwa bahati nzuri inatibu pia ganzi, macho na nguvu za kiume.

Basi nikaenda hospitali nikitaka jina moja tu, nitulie. Huko ndiko majina yalikozaliana.

Nesi alinibana kidole na kile kidude cha kupima oksijeni, kikasoma 97, akaandika bila hata kunitazama. Nikapelekwa chumba cha spirometa. Nikabanwa pua kwa kibanio, nikapewa bomba la karatasi nilifumbie midomo, na binti anayelingana na kitinda mimba wangu akaanza kunifokea: "Vuta, vuta, vuta… haya puliza! Puliza! Endelea, usikate mzee, bado ipo, bado ipo!" Ipo wapi, mwanangu, na mimi naona nyota? Akatazama kioo chake, akasema kwa adabu zote, "Pole baba, turudie. Umeanza polepole."

Mateso haya tuliletewa na daktari Mwingereza, John Hutchinson, aliyechapisha matokeo ya mashine yake mwaka 1846 baada ya kuwapulizisha watu zaidi ya 2,000: mabaharia, polisi, zimamoto, wapiga mieleka, waungwana na mafukara. Akaona kwamba kadiri mtu alivyo mrefu ndivyo pumzi yake ilivyo nyingi. Mke wangu ananizidi kichwa kizima. Sasa nimeelewa kwa nini ugomvi wetu huwa naachia njiani. Hutchinson alitaka hata kampuni za bima ya maisha zikitumie kipimo hicho. Bima yangu mimi imekikataa. Nimelipa taslimu dirishani.

Majibu yakatoka: karatasi imejaa herufi, FVC huku, FEV1 kule. Daktari, mtu mpole, akanichorea. Hewa ninayovuta nikiwa nimekaa zangu tu, kama nusu lita, ina jina lake. Ile ninayoweza kuongeza nikivuta kwa nguvu ina jina lake, na ya kusukuma nje kwa nguvu nayo hivyohivyo. Kifua changu kimepimwa vipande kama shamba la urithi. Halafu kuna fungu la mwisho, kama lita moja na kidogo kwa mtu mzima, ambalo halitoki hata upulize mpaka kesho. Linabaki ili vile vifuko vidogo vya hewa visisinyae. Nikageuka kumtazama yule binti. "Bado ipo," kumbe! Alijua ipo, na alijua haitoki.

Ninachodaiwa mimi ni sekunde ya kwanza. Mtu mzima wa afya hutoa asilimia 70 au zaidi ya pumzi yake yote ndani ya sekunde hiyo moja, mimi sikufika. Wakanipulizia dawa ya kopo la bluu, nikangoja, nikafokewa upya, pumzi ikapanda vizuri. "Pumu," akasema daktari. Kwa umri huu! Mama mkwe bado anasema ni feni.

"Unavuta sigara?"

"Sivuti, daktari. Navuta mifuko ya jirani." Kila jioni jirani yangu anachoma taka nyuma ya ukuta: mifuko, chupa za maji, nepi, na majuzi godoro. Daktari akaandika kwa herufi kubwa, tena akagonga muhuri: AEPUKE MOSHI.

Jioni nikampelekea jirani ile karatasi. Akaisoma yote, muhuri akaugeuzageuza kwenye mwanga, akanipa pole ya dhati. Kisha akaniuliza kama nina kiberiti.