Namna ya Kuongoza Nchi Ukiwa Kijiweni

Anzia kwenye meza ya magazeti, lakini usinunue. Mchambuzi wa siasa anayejiheshimu husimama mbele ya meza, mikono nyuma, shingo upande, akamaliza vichwa vya habari vya Mwananchi, Nipashe na Uhuru, kisha akapumzikia kwenye Mwanaspoti. Muuzaji akianza kukohoa, uliza bei, guna, ondoka. Kurasa za ndani achana nazo. Mara nyingi huko ndiko wanakoeleza kwamba kichwa cha habari hakikumaanisha ulichodhani.

Sasa uko kijiweni, kahawa mkononi, kashata pembeni. Usiwe wa kwanza kusema. Mwache mwenzako ajieleze, akifika katikati mkatishe: "Hapo ndipo tunapokosea Watanzania." Sijawahi kusikia mtu akiipinga kauli hii, maana hakuna ajuaye "hapo" ni wapi. Ukiulizwa umeyapata wapi, usitaje gazeti wala Bunge. Sema una mtu wako Dodoma. Tena asiwe mbunge, hao maneno yao kila mtu anayasikia redioni. Awe dereva wa wizarani. Kila kijiwe cha Dar es Salaam kina shemeji dereva wa wizarani, na kwa jinsi wanavyosimuliwa, madereva hao hukaa vikaoni kuliko mawaziri wenyewe.

Juni ndio mwezi wako. Waziri wa fedha anasoma hotuba ndefu ya bajeti, wewe unasubiri bia, soda, sigara na mafuta. Hukumu unayo tangu Mei: bajeti haina jipya. Ukitaka heshima zaidi, kumbushia tozo. Julai 2021 serikali ilianza kukata tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, na siku zile hapakuwa na mtu kijiweni asiye mchumi. Kelele zilifika mbali. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Bajeti ya 2023/24 ikaja kuifuta ile ya kutuma hela. Hapo gonga benchi: "Si tuliwaambia!" Bajeti hiyohiyo iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, ila hilo usilitaje, litawatia watu nyongo bure. Nauli ikipanda, mlaumu konda.

Mada za nyumbani zikikuwia nzito, hamia ng'ambo. Putin hatapita hapa kukujibu, na Trump hajui njia ya Mwananyamala.

Kitu cha kukwepa kwa nguvu zako zote ni mkutano wa mtaa. Tangazo lake hubandikwa mlangoni kwa mtendaji, muhuri juu, ajenda zenyewe taka, mtaro na taarifa ya mapato na matumizi. Pale shemeji hakusaidii kitu. Utatakiwa ujue gari la taka lilipita mara ngapi, na hela iliyokusanywa nyumba kwa nyumba iliishia wapi. Bahati nzuri, wenye mkutano nao hawana hamu kubwa na wewe: ukiuliza, utaambiwa hoja imepokelewa na itafanyiwa kazi, huku daftarini kikiandikwa kitu ambacho wala hukukisema. Ukikimbilia kijijini hujapona. Kule sheria ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Dawa ni ileile, usitokee. Akidi isipotimia mkutano utaahirishwa, nawe Jumatatu utakuwa na hoja nzito kuliko zote: viongozi wetu hawatushirikishi.

Siku mwenyekiti wa mtaa akikatiza kijiweni mkiwa katikati ya kumchambua, usihamaki. Inuka, "Shikamoo mwenyekiti," msogezee benchi, mwagizie kahawa, mwulize Yanga wanacheza na nani Jumamosi. Mpongeze kwa juhudi za mtaro, hata kama haujachimbwa. Akishakata kona, endelea palepale ulipoishia.