Jinsi ya Kununua Ujana Jirani na Soko la Kingalu, Morogoro

Shoga, ukifika duka la vipodozi usikimbilie kopo lenye picha ya mrembo. Geuza nyuma, tafuta neno "ubiquinone". Hiyo ndiyo koenzaimu Q10. Huioni? Rudisha kopo, hata muuzaji akuapie vipi. Na wewe kaka, usijifiche, makunyanzi hayachagui.

Kabla ya kulipa, jua unanunua nini. Q10 iligunduliwa mwaka 1957 na Frederick Crane, kutoka moyo wa ng'ombe. Makao yake ni mitokondria, ndani ya seli. Hapo hupokea elektroni upande huu na kuzikabidhi upande ule, kama akina mama wa Mgeta wanavyopokezana matenga ya kabichi kulijaza lori. Makabidhiano hayo ndiyo yanayoipa seli nguvu, pamoja na nguvu ya kutengeneza kolajeni inayoshika ngozi isilegee. Tena Q10 huzima chembe haribifu zinazozaliwa jua linapoichoma ngozi. Mwili huitengeneza wenyewe, ila umri ukisogea, hupungua.

Sasa paka, lakini usidai miujiza. Molekuli ya Q10 ina uzito wa takriban daltoni 863, na ngozi hupitisha kwa shida kitu kinachozidi 500. Nyingi huishia tabaka la juu. Vikunyanzi vyembamba vinaweza kupungua kidogo. Mifereji ya miaka hamsini itabaki palepale.

Ukipanda Morningside au kwenda Nyandira, vaa kofia pana na upake mafuta ya kukinga jua. Kibaridi cha milima hiyo ya Uluguru kinadanganya watu wengi! Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi inayozeesha ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10, na weusi wetu hupunguza madhara tu, hauyamalizi. Pesa ikitosha kitu kimoja, nunua kinga ya jua. Q10 isubiri mwezi ujao.

Ukiambiwa uchanganye krimu yako na mkorogo "ing'ae haraka", ondoka dukani. Zebaki na haidrokwinoni, ambazo mara nyingi hutiwa humo, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na steroidi hukondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Inauma kuona binti wa miaka ishirini akiharibiwa uso kwa kopo lisilo na lebo.

Q10 paka usiku, uso ukiwa safi. Na shingo pia ni ngozi, usiiruke.