Sifa za Dansi la Kigae Kimoja

Wapo waliousifu ugali, wapo waliowasifu wapenzi wao, na kila msimu wa uchaguzi wapo wanaolisifu daraja kabla halijajengwa. Dansi la taratibu, lile la watu wawili kushikana na kuyumba, bado halijapata mtu wa kulisifu. Kazi hiyo naiomba mimi, na vigezo ninavyo: mpwa wangu anaoa, mimi na mama watoto tumeteuliwa kuwa wasimamizi, na kamati ya harusi imetupangia mazoezi kwenye sebule moja ya hapa Mirongo, Mwanza. Zamani msimamizi alishika pete, akatia saini kitabuni, akala pilau yake. Siku hizi lazima aingie katikati ya ukumbi pamoja na maharusi kufungua muziki. Sisi tumelea, tumejenga, tumezika wazazi. Kushikana viuno mbele ya sabufa ndiyo kwanza tunaanza, maana harusi yetu ilikuwa ya kwaya na soda.

Sifa kuu ya dansi hili ni jinsi linavyobana matumizi ya ardhi. Mwanza ni mji wa mawe. Kiwanja tambarare hapa ni cha kuombea dua, ndiyo maana nyumba za Mabatini na Igogo zimepanda mlima zikaketi juu ya majabali. Mji wa namna hii utacheza nini? Bugobogobo ni ngoma ya wakulima: mchezaji hulirusha jembe juu akalidaka, jambo linalohitaji shamba, au basi majirani wenye bima. Ngoma ya nyoka inataka chatu, na chatu naye anataka nafasi yake. Wagika na Wagalu, vyama hasimu vya ngoma vya Wasukuma, wanaposhindana baada ya mavuno wanahitaji uwanja wa makundi mawili, pamoja na umati unaohama kutoka kwa hawa kwenda kwa wale, kwa kuwa mshindi ni aliyevuta watu wengi. (Tungeshindanishwa hivyo sisi wasimamizi, ukumbi mzima ungehamia kwenye foleni ya chakula.) Dansi la taratibu linataka kigae kimoja tu. Nimepima. Vigae vya sebule ile ni sentimita 60 kwa 60, na kimoja kinatutosha mimi, mama watoto na aibu yetu.

Piga hesabu. Ukumbi wa mita 20 kwa 30 unachukua jozi 1,666, yaani watu 3,332, na hakuna atakayeomba hati. Kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68, tuseme tumepewa CCM Kirumba kwa jioni moja, kinachukua jozi 19,833 kwenye nyasi peke yake, na majukwaa yote yanabaki kwa ajili ya wakwe. Sioni kwa nini maofisa ardhi hawajalipa dansi hili uzito. Kesi za mipaka zinazokaa mabarazani mpaka wadai wanazeeka zingekwisha kwa wimbo mmoja: kila familia na kigae chake, na jirani akivuka anajulikana papo hapo, kwa kiatu.

Sifa nyingine nazitaja kwa kupita. Dansi hili linamfundisha mtu idadi ya miguu yake; mimi nimegundua ninayo mitatu. Linatangaza hali ya soksi. Linakata ubishi pia, kwani huna uso wa kumgombeza mtu uliyemkanyaga sasa hivi.

Nasaba nayo linayo. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London lilichukia hadharani kwa sababu waltz ilichezwa kwenye dhifa ya mwana wa mfalme, likawaonya wazazi wawalinde binti zao. Miaka mitatu kabla ya hapo Lord Byron, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa na kilema, alikwisha kuitungia shairi la kejeli. Namwelewa kabisa. Kwetu mambo ya kushikana yalinoga kwa gramafoni, kwa zile santuri za GV zilizojaa rumba na bolero za Kuba, halafu yakashikwa na bendi zetu wenyewe: Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932, na baadaye Cuban Marimba ya Salum Abdallah kule Morogoro. Vijana wa enzi zile hawakuwa na mwalimu. Walitazama, wakaingia, wakakanyagana, wakazoea.

Sisi tuna mwalimu. Ni kijana mpole, na kila karipio lake hulitanguliza kwa salamu.

“Shikamoo mzee. Mzee, huo mkono si wa kubeba ndoo.”

“Marahaba. Niuweke wapi?”

“Teremsha kidogo. Hapo. Kulia, gusa. Kushoto, gusa. Mama, mwachie baba aongoze.”

Mama watoto alicheka mpaka akakaa kwenye mkono wa kochi. Tangu tufunge ndoa hajawahi kusikia pendekezo hilo likitolewa kwa sauti.

Sebule iko karibu na mto, na mvua ikinyesha mto Mirongo hupita ukiwa umebeba chupa za nusu ya jiji kuzipeleka ziwani. Harufu inaingia dirishani, feni inaisambaza kwa haki, nasi tunaamriwa tutabasamu. Tuangaliane machoni, anasema mwalimu, tusitazame miguu. Nikamwangalia mke wangu. Juu ya nyusi yake ya kushoto pana kovu dogo, jembamba, ambalo naapa sikuwahi kuliona.

“Hili la lini?”

“La kuni. Nilikuwa darasa la nne. Siku ile mama alikuwa...”

Simu ya katibu ikalia. Wenye mashine ya moshi wamepandisha bei, kamati inasemaje? Muziki ukazimwa, na habari ya kuni mpaka leo sijaimaliza.

Ngoja niseme basi. Bajeti ninayo mkononi. Mwalimu wa dansi ana mstari wake, moshi una mstari wake, fataki za baridi zina mstari wake, MC ana mistari miwili kwa kuwa anakuja na msaidizi. Bibi mzaa baba wa bwana harusi, aliyemlea, yuko Magu. Nauli yake imeandikwa “itajadiliwa”. Moshi umekwisha kujadiliwa!

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaooana watoe taarifa ya kusudio lao siku 21 kabla. Serikali nzima, na mihuri yake yote, inaridhika na siku 21. Kamati inataka miezi sita, vikao kila Jumapili, na kila kikao kinaanza kwa sala kisha kusomwa majina ya ambao hawajapunguza ahadi. Jina la kijana anayesukuma mkokoteni Mlango Mmoja husomwa kwa sauti ileile inayosoma jina la mwenye malori, ila kwa mwenye malori wanaongeza “ana udhuru”. Kijana anadaiwa pesa ya kadi ya singo. Nimemwona akicheza kwenye msiba uliogeuka mkesha wa ngoma, na katika ukoo huu hakuna anayemfikia, bwana harusi akiwemo. Pasipo kadi hatapita mlangoni. Kigae chake kipo, wamekipanga meza ya keki.

Na harusi ikiisha kutakuwa na sherehe ya kuvunja kamati, nayo ina bajeti. Jumapili iliyopita nilisimama nikapendekeza fungu hilo limlete bibi kutoka Magu na limlipie kijana kadi. Mwenyekiti akasema hoja ya mzee ni nzuri sana, katibu aiweke kwenye mengineyo. Kisha akamgeukia mwalimu akamwuliza kama mzee ameanza kuinua kichwa anapocheza. Mhazini, mtu mkweli, akakumbusha kwamba mengineyo ya kikao kilichopita bado hayajafikiwa.