Kenchi, Kwaya na Dabi ya Kariakoo

Anayetaka kuezua nyumba Njombe sharti kwanza apatane na mawingu. Mji uko juu, mita zipatazo 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua zikishaanza Novemba haziulizi kama umemaliza kupigilia misumari. Zinakatika Mei. Kwa hiyo fundi wa paa ana Juni hadi Oktoba, na humo ndani Juni na Julai ni baridi ya kumlaza mtu na soksi, koti na lawama.

Mimi nikaongeza kigezo changu kwenye hesabu hiyo: ligi. Juni na Julai ligi huwa imefungwa na wachezaji wako likizo, hivyo shabiki wa Yanga hana cha kumtoa nyumbani. Nikamweleza mama watoto mpango mzima. Mabati makuukuu yashuke Juni, kenchi zilizoliwa na mchwa zibadilishwe, mapya yapande, na Agosti ligi ikifunguliwa nitakuwa nimetulia chini ya paa jipya na dhamiri safi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni Simba tangu utotoni, na watu wa Simba wakikusikiliza mpaka mwisho ujue wameona tundu.

Kazi yangu iko Makambako, kilomita zipatazo 60 kutoka nyumbani, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya kwenda Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA inapopita. Kila kinachokwenda Dar, Tunduma au Songea husimama Makambako, angalau kwa chipsi. Na vifaa vya ujenzi vimejaa. Nikapanga kununua mabati mapema, kabla bei haijapanda pamoja na jua la kiangazi, na siku niliyoichagua ilikuwa Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025.

Tarehe hiyo ilikuwa na wenyewe wengi. Kwanza ni Siku ya Wanawake Duniani, na mke wangu na wenzake walikuwa wameshashona vitenge vya sare. Pili ni siku ya Dabi ya Kariakoo, Yanga na Simba, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tukafanya biashara ya watu wazima: asubuhi nikanunue mabati, iwe ndiyo zawadi yake ya sikukuu, na jioni nibaki hukohuko Makambako nitazame mpira pasipo mtu wa kunipigia simu kuuliza chumvi iko wapi.

Dukani kukatokea la kwanza. Mabati ya kijani yalikuwepo, ila ya geji 30. Ya geji 28, mazito, yalikuwepo mekundu tu. Mwenye duka alinitazama, akatazama jezi yangu iliyochungulia kwenye zipu ya koti, akatabasamu na kwenda kumhudumia mteja mwingine ili nipate faragha na maumivu yangu. Nikampigia mama watoto. Nyuma yake vigelegele vilikuwa vinapasuka.

"Chukua yaliyo mazito, baba," akasema. "Mvua haina timu."

Nikayachukua. La pili likafuata kwenye simu za watu. Simba walikuwa wametangaza kwamba hawachezi, kwa kuwa usiku wa kuamkia mechi walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yanga nao wakaenda uwanjani vilevile. Makambako nzima ikabaki na wanaume waliovaa jezi, wamekaa kwenye viti vya plastiki kama wageni wa harusi ambayo bibi harusi kaghairi. Mimi nikapanda gari la mizigo kurudi Njombe, jezi ya kijani kiunoni na shehena nyekundu mgongoni. Kila tulipopunguza mwendo kwenye tuta, kulikuwa na kijana wa kupaza sauti: "Karibu Msimbazi, mzee!"

Mabati yakawekwa uani, tukasubiri kiangazi. Katikati ya kusubiri huko kuna kanisa.

Kwetu ibada haiishii kwenye baraka, inaishia mnadani. Waumini wasio na fedha huleta sadaka ya mazao: viazi, mahindi, mayai, kuku na maparachichi, na baada ya ibada mzee wa kanisa huyanadi nje, mbele ya mtunza hazina mwenye daftari. Mzee wetu huyu angeweza kuuza moshi. Jumapili moja aliinua jogoo mwekundu, akamzungusha umati ukamwona, kisha akasema kwa upole wa mtu anayetega mtego: "Naona Wekundu wa Msimbazi wanaondoka na ndugu yao. Wananchi hawapo leo?"

Mwananchi nilikuwepo. Nikapandisha bei. Upande wa kwaya, nyuma ya majoho, sauti ikapandisha tena. Nikapandisha. Ikapandisha. Watu wakaanza kucheka, mimi nikadhani wanacheka ushujaa wangu. Nilipomchukua jogoo kwa bei ya misumari ya bati ya kuezekea chumba kizima, mwanakwaya mmoja akasogea pembeni, nikamwona mshindani wangu: mama watoto, kitabu cha nyimbo kifuani, ametulia mno.

"Uliendelea kupandisha kwa nini, nawe uliniona?" nikamuuliza njiani.

"Nilitaka ushinde kwa jasho," akajibu.

Fedha ilikuwa ya mfuko mmoja. Mtunza hazina alitupungia mkono mpaka tukapotea kwenye kona. Jogoo tuliazimia kumla, lakini watoto walishampa cheo, akawa wa Simba rasmi, na kumchinja kukawa suala la kisiasa. Akabaki uani, analala juu ya mabati yangu.

Juni ikafika. Fundi akaja, tukasalimiana "Kamwene", akazunguka nyumba akigonga kuta kwa kifundo cha kidole na kuguna. Fundi akiguna, fedha hutoka yenyewe. Akapokea advansi, akaezua upande wa vyumba siku ileile kwa kasi ya kutia moyo, kisha akatoweka. Simu ikipokelewa, jibu lilikuwa moja: "Bosi, kesho alfajiri niko saiti." Sisi tukahamia sebuleni wote, magodoro yakagusana kama mbao za dari, na turubai likawa linapiga makofi juu yetu usiku kucha. Kitindamimba alipopewa zamu ya kuombea chakula, alifumba macho akasema: "Bwana, bariki ugali huu, bariki na mboga, na fundi aje kweli." Tuliitikia amina ya watu wenye baridi.

Hapo ndipo lile tundu alilokuwa ameliona mke wangu likafunguka. Ile dabi ya Machi ilikuwa bado inadaiwa. Ikapangwa tarehe 15 Juni, kisha ikasogezwa hadi tarehe 25, Jumatano. Jumatano hiyo, kwa zamu iliyoandikwa tangu mwanzo wa mwaka na kubandikwa ukutani nisikoangalia, jumuiya ilikuwa inasali kwetu. Na sebule, ambayo ilikuwa ndiyo chumba pekee chenye paa, fundi aliyetokea ghafla juzi yake alikuwa ameiezua ili, kwa maneno yake, "tuimalize kwa mpigo". Asubuhi ya siku yenyewe akatuma ujumbe kwamba anaumwa tumbo. Fundi naye ni Simba. Tumbo lile liliumwa nchi nzima.

Wanajumuiya wakaja na makoti, vitenge na kofia za sufu, wakaketi ndani ya kuta nne zisizo na kifuniko, jiko la mkaa katikati. Mimi nilikuwa na jezi ndani ya koti. Hili ni jambo moja la kuishukuru baridi ya Njombe: hapa mtu anaweza kwenda ibadani na timu yake kifuani, asijulikane na yeyote ila Mungu. Ng'ambo ya barabara kuna banda umiza. Nyumba yenye dari huzuia angalau nusu ya kelele zake. Yetu ilizipokea zote.

Somo likapita salama. Mzee wa jumuiya alipoanza sala ya maombezi, akiwa ameshafika kwa wajane na wagonjwa, banda likalipuka. Nani kafunga? Kelele za goli hazina rangi. Nikafungua jicho moja, nikakuta macho mengine mengi yamefunguka moja moja, yakifanya upelelezi. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaendelea kwa sauti iliyotikisika: "Bwana, wewe unayejua yote, hata haya ambayo sisi watumwa wako hatuyajui kwa sasa..." Amina iliyoitikiwa ilimwamsha jogoo.

Sala ikarefuka, au ilionekana hivyo. Banda likalipuka mara ya pili. Tulikuwa kwenye chai pale mlango uliposukumwa akaingia fundi, mzima wa tumbo, kuchukua nyundo aliyoisahau. Hakuna aliyemuuliza kitu. Uso wake ulisema mbili bila. Pacome Zouzoua kwa penalti, Clement Mzize akamalizia, na Yanga ikawa bingwa kwa mara ya 31, msimu wa nne mfululizo. Nikashusha zipu ya koti taratibu, kwa heshima ya mahali. Mama watoto akanimiminia chai mimi wa mwisho, bila sukari, akamwongezea fundi andazi la pili.

Jioni ile mzee wa jumuiya alikaa akacheka mpaka machozi, na akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu hapo. Alisema nyumba ikiwa na timu moja, hakuna wa kumwambia mwenzake ukweli. Mtu wa kabila lenye watani analielewa hili upesi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani: kwenye msiba, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha waliofiwa na kusema yale ambayo ndugu wanayameza. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na mimi nimemwoa mmoja wao. Mke mpole angeniambia mpango wangu wa Juni ni mzuri. Mtani aliniacha niuone ubaya wake mwenyewe, kisha akanicheka, kisha akanitafutia turubai kwa jirani.

Tena utani wetu haujui mipaka. Njombe Mji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, Yanga ilikuja Uwanja wa Sabasaba ikaondoka na 1-0. Mimi nilishangilia wageni waliotufunga nyumbani kwetu, na mke wangu akaipigania Njombe Mji kwa machozi, mzalendo kuliko mkuu wa mkoa. Simba walipokuja mwaka uliofuata, tukabadilishana uzalendo. Njombe Mji ilishuka daraja msimu huohuo, na sina hakika kama mashabiki wa aina yetu waliisaidia.

Paa limekamilika, jekundu, zito, halivuji. Kama ishara ya maridhiano tulikubaliana fisha bodi zipakwe kijani, na mtu akitokea barabarani anaona Simba yuko juu na Yanga kamzunguka pande zote. Kila mmoja anaisoma picha hiyo apendavyo.

Imebaki rangi ya kuta. Fundi ameshauri nyeupe, kwamba inang'arisha nyumba na bei yake ni nafuu. Mama watoto alikubali papo hapo, bila hata kuangalia sampuli, nami nilikuwa nimeshatoa fedha mfukoni nilipokumbuka kwamba jezi ya Simba ina nyekundu juu na nyeupe ndani yake. Nimeomba suala hilo liahirishwe. Tarehe mpya itatangazwa.