Sifa za Msumbufu wa Basi la Hija

Kila mwaka, msimu wa pamba unapokaribia na wenye akiba wamekwisha kumaliza michango ya nauli, linatoka basi Mwamapalala kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi. Na kila basi hubeba msumbufu wake. Kamati ya hija ikisahau kumwandikisha, atapatikana njiani. Wenzangu humnung'unikia mtu huyu tangu Itilima hadi ng'ambo ya mpaka. Mimi nasema anyanyuliwe juu, apigiwe vigelegele.

Utamjua kabla injini haijawashwa. Safari ni saa kumi alfajiri. Saa kumi na nusu anapigiwa simu, anajibu, "Nimeshafika, nipo hapa hapa," na nyuma ya sauti yake jogoo wa nyumbani kwake anawika. Akitokea hana begi. Ana furushi la michembe, mto wa kulalia, na madumu matupu ya lita tano yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya katani. Buti limekwisha kufungwa, chini ya siti hayaingii, basi yanalala kwenye njia ya katikati, na dereva akigusa breki tu yanaanza ngoma.

Sasa tazama kazi anayoifanya. Abiria hawa wametoka jumuiya na vigango tofauti: mkulima wa choroko, mwalimu mstaafu, kina mama wa WAWATA na vitenge vyao vya sare. Mpaka Lamadi kila mmoja ameinamia simu yake au rozari yake. Halafu dumu linateleza, linamgonga mwalimu kwenye kifundo cha mguu. Anamgeukia mama wa siti ya pili, ambaye hajawahi kumsemesha tangu azaliwe, anauliza kwa sauti ya chini: "Mayu, hivi huyu ni wa kigango gani?" Mama anajibu, "Si wa kwetu, Guku, namshukuru Mungu." Urafiki umezaliwa. Wakifika Magu wameshaulizana habari za wajukuu, na kabla ya Mwanza wamegundua kwamba shangazi wa mmoja aliolewa kwa kina mwingine.

Zamani kazi hii ilifanywa na kivuko. Foleni ya Busisi iliwaunganisha watu: mlishuka, mkanunua mahindi ya kuchoma, mkalaani pamoja. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu za lami juu ya ziwa, na basi linavuka kabla hata hujamaliza kulishangaa. Maendeleo ni mema, sikatai. Lakini mzigo wote wa kutufanya ndugu umebaki mabegani mwa mtu mmoja mwenye madumu.

Na nani atamlaumu Msukuma kwa hili? Tangu enzi za mababu tumejua kwamba kundi hupendana zaidi likiwa na wa kushindana naye. Wagika na Wagalu wamecheza ngoma hivyo vizazi na vizazi, kila upande na dawa zake na nyimbo zake za kuwakejeli wenzao. Hata sherehe ya Bulabo ilipoota mizizi pale Bujora, pamoja na Ekaristi na maua yake, ushindani haukufutwa, uliletwa uwanjani. Ndani ya basi hatuna makundi mawili. Abiria wote ni Wagika, na Mgalu ni yeye peke yake. Ushujaa gani unaozidi huo?

Ana vipaji vingine. Basi likisimama Biharamulo watu wachimbe dawa, yeye amelala fofofo. Mbele kidogo anazinduka: "Dereva! Dawa!" Basi zima linaguna, dereva anasimama kwa hasira, na hapo utawaona wanaoshuka. Ni nusu ya basi! Wote walikuwa wamebanwa na hawakuwa na uso wa kusema. Aibu yao ameibeba mtu mmoja, wala hakuna aliyemshukuru.

Kyaka, kwenye Mto Kagera, anasimama kutoa historia. Kwamba majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la hapo mwaka 1978 ni kweli tupu. Ila kwa maelezo yake, yeye alikuwepo akiona kwa macho yake. Na ukiuchungulia mwaka wa kuzaliwa kwenye hati yake ya dharura, utakuta wakati huo alikuwa hajaanza kutambaa. Mwalimu mstaafu hupiga hesabu hiyo kwa sauti. Kicheko chake hudumu mpaka Mutukula.

Mutukula ndiko anakofikia ukuu wake. Kadi ya njano ya chanjo haionekani. Furushi linafunguliwa chini, karibu na tairi, na michembe inamwagika. Tukisubiri, mikono inaanza kuokota, vinywa vinatafuna, na wabadilisha fedha wanatuzunguka. Unatoa elfu kumi ya tembo unapewa noti nyingi zaidi za Uganda, unajiona tajiri hadi unapoulizia bei ya chai. Kadi inapatikana ndani ya foronya ya mto. Furushi nalo limeisha, limeliwa na waliokuwa wakimsema.

Wapo wanaokwenda Namugongo kwa miguu, siku nyingi barabarani. Wao wana malengelenge ya kuwaunganisha. Sisi wa basi tuna yeye. Tunalala nje usiku wa kuamkia tarehe 3 Juni, siku ambayo mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu 22 mwaka 1964, na tangu hapo umati hauna hesabu. Katika umati huo, aliyepotea akitafuta choo hurudi kwenye kundi letu kwa kufuata mkoromo mmoja anaoufahamu vizuri tangu Sengerema.

Asubuhi, Misa ikiisha, kila mtu anataka kupeleka nyumbani maji ya Namugongo. Ndipo tunapotazamana. Nani alibeba chombo? Mwalimu, ambaye kifundo bado kinamuuma, anamwendea wa kwanza: "Ndugu yangu, una dumu la ziada?" Analo. Analo hata la mama wa siti ya pili.

Basi nawaomba, enyi wanakamati, mkipanga orodha ya mwakani msimkate jina. Mpeni siti ya mbele karibu na mlango, madumu yake yapande kwenye buti mapema, na kama safari ni saa kumi, yeye mwambieni saa nane.