Noti Tano za Majonzi

Kujifunza gitaa Morogoro kunataka moyo mgumu, maana mji huu una wazee waliocheza Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe enzi magoti yao yakiwa mazima. Mbaraka alifariki mwaka 1979, lakini huku mtaani Kilakala bado ana mawakili. Ukigusa uzi tu, mzee anayepita anasimama getini, anasikiliza, anatikisa kichwa, anaondoka zake. Hata salamu hakuachii.

Mwalimu wangu aliniambia nianze na pentatoniki maina kwa sababu haina noti mbaya. La, do, re, mi, so, basi. Fa na ti, wale wagomvi, wamefungiwa nje. Kwenye uzi mnene kidole cha shahada kinabana la kwenye chuma cha tano, kidole cha mwisho kinajinyoosha mpaka do chuma cha nane, na hapo unaweza kulia mchana kutwa. Nikalia. Mama mwenye nyumba alivumilia mpaka siku mvua ya Uluguru ilipotufungia ndani sote, akauliza ukutani: "Mwanangu, nani kafariki?"

Sifa zikaenea. Nikaombwa kusindikiza kwaya msibani, mtaa wa pili. Walitaka kitu cha huzuni. Kinanda alishika kijana mmoja mwenye spika iliyokaribia kulizidi turubai. Nikaanza na la yangu, taratibu, macho nimefumba. Kumbe mwenzangu kang'ang'ania do kwenye besi, na habanduki.

Hilo mwalimu hakuligusia. Noti hizo tano zikitua kwenye la, ni kilio. Zilezile zikitua kwenye do, ni meja, ni harusi kabisa. Sikubadilisha hata kidole! Nilipofumbua macho, kwaya inayumba, wapishi wa ubwabwa wanagonga sufuria kwa mwiko, shangazi wa marehemu kainua kanga juu. Mjomba mmoja alikuja na elfu mbili anibandike kwenye paji la uso, akakumbuka yuko wapi, akairudisha mfukoni.

Mzee wa getini naye alikuwepo. "Angalau leo umepiga," akasema.

Wenye shughuli zenu, nawaomba: kabla hamjamwita mpiga gitaa, muulizeni kwanza wa kinanda anatua noti gani.