Jinsi ya Kukamatwa Longonot na Gari Lako Likalala Salama

Ukiweza kuchagua, usikamatwe Ijumaa jioni. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti imefungwa, unangoja hadi siku ya korti inayofuata. Ukikosa bondi, basi, utalala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ndipo hakimu wa Naivasha atakuona. Wewe utakuwa umefungiwa na mlango una mlinzi. Gari lako litakuwa limelala wapi?

Anayeijua barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Naivasha anajua kwa nini swali hilo linaumiza. Hapo chini ya Mlima Longonot wa mita 2,776 malori ya kwenda mpakani Malaba hupita usiku kucha, upepo huinua vumbi la majivu ya volkano, na kuna vipande virefu visivyo na nyumba wala taa. Gari likiachwa kando usiku mmoja, linaweza kukutwa asubuhi limekalia mawe, magurudumu hayapo. Likiachwa tatu, huenda ukakuta alama za tairi tu. Na Probox moja ya kubeba mboga huwa imebeba pia karo ya watoto na mkopo wa sacco.

Kwa hiyo jifunze kukamatwa vizuri. Hatua ya kwanza ni adabu. Usibishane, usikimbie, wala usiutupe ufunguo vichakani. Sema hivi, kwa sauti ambayo abiria na mama muuza mahindi wataisikia: "Afande, pole na kazi. Mimi naenda na wewe bila shida. Na gari, linaenda na nani?"

Majibu ni matatu. Huenda afisa mmoja akaliendesha hadi kituoni, au likavutwa. Huenda akakubali jamaa yako mwenye leseni alichukue, na kama gari lenyewe si kielelezo cha kesi, hili ndilo la kuomba kwanza. Piga simu hapo hapo. La tatu ndilo linaloleta vilio: "Acha hapo, tutalishughulikia."

Ukisikia hilo la tatu, usipande gari la polisi kimya. Omba kwa heshima likokotwe au lisogezwe penye mlinzi, kwenye petroli stesheni au uani mwa duka. Ukikataliwa, omba dakika mbili ufunge vioo na milango, kisha upige picha kabla simu haijachukuliwa: namba ya usajili, magurudumu yote manne, mzigo ulio nyuma, dashibodi inayoonyesha kilomita, na kitu kisichohama, kama bango la barabarani au mlima wenyewe, ili pajulikane ni wapi. Mtumie mtu wa nyumbani. Nakala moja ikiwa mikononi mwa shemeji yako Gilgil, haipotei simu yako ikipotea. Picha hizo zikifika kortini, wakili atahitaji cheti cha kueleza zilivyopigwa na zilivyohifadhiwa, kama Sheria ya Ushahidi inavyotaka kwa kumbukumbu za kielektroniki. Kwa hiyo usiifute ile ya asili.

Sasa ufunguo. Wazee wetu walikuwa na neno lake, amana: ukipokea mali ya mwenzako mikononi mwako, umepokea na jukumu la kuitunza, na ikipotea wewe ndiwe wa kueleza ilipotelea wapi. Sheria ya madai tuliyorithi kutoka Uingereza inafuata njia hiyo hiyo. Polisi akishika ufunguo wako na kuliondoa gari, au akikuondoa wewe uliyekuwa mlinzi wake, hawezi kusema baadaye kwamba gari halimhusu. Ila ufunguo ukibaki mfukoni mwako na gari likabaki barabarani, kesi inakuwa ngumu zaidi. Utalazimika kuonyesha kwamba afisa alijua hatari ya mahali pale, kwamba ulimwomba alihifadhi, na kwamba alikunyima nafasi ya kulilinda. Ndiyo maana nimesema uulize kwa sauti. Mama wa mahindi ni shahidi.

Kituoni, usikubali OB, yaani daftari la matukio, iandike "dereva amekamatwa" na kukomea hapo. Omba gari liandikwe pia: namba, rangi, kilomita, kiasi cha mafuta, spea, jeki, betri, redio, magunia mangapi ya viazi, kioo kipi kilikuwa na ufa tayari, limeegeshwa wapi, ufunguo anao nani. Kisha omba namba ya OB uitume nyumbani. Afisa akiona unamchosha, mweleze kwa upole kwamba orodha hiyo inamlinda na yeye. Mwaka 1976, katika kesi iliyotoka mji mdogo wa Vermillion, South Dakota, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaja sababu za polisi kuorodhesha vilivyomo ndani ya gari walilolizuia: kulinda mali ya mwenyewe, kuwakinga polisi na madai ya kusingiziwa wizi, na kuwaepusha na hatari iliyofichwa humo. Hakuna afisa mwaminifu wa kuikataa karatasi ya namna hiyo.

Siku ukiachiliwa, usifurahi ukawasha gari na kuondoka. Zungukeni gari wewe na afisa, orodha mkononi. Kilichopungua kiandikwe kwenye OB kabla hujatia sahihi kwamba umelipokea.

Na kama halipo kabisa? Ripoti wizi siku hiyo hiyo na uijulishe kampuni ya bima, ingawa bima ile ndogo inayolipa madhara ya watu wengine tu haitakusaidia hapa. Malalamiko juu ya mwenendo wa afisa yapeleke IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Fidia ni safari nyingine. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 40, inaibebesha Serikali makosa ya watumishi wake kazini kama ambavyo mwajiri mwingine yeyote angebebeshwa, na anayeshtakiwa kwa niaba yake ni Mwanasheria Mkuu. Sheria hiyo ilidai notisi ya siku 30 kabla ya kushtaki; Mahakama Kuu ilisema mwaka 2012 kwamba sharti hilo linamzuia mwananchi kufikia haki. Hata hivyo iandike notisi, maana barua yenye muhuri wa kupokelewa ni ushahidi. Ukishinda, huwezi kutuma dalali akapige mnada Land Cruiser za polisi. Unachukua cheti cha hukumu, na wakikawia kulipa unarudi kortini kuomba afisa mhusika aamriwe alipe.

Lakini kinachowaumiza watu wengi zaidi ni kalenda. Sheria ya Sura ya 39 inakupa miezi 12 tu ya kuishtaki Serikali kwa madhara ya aina hii. Dereva anasubiri kwanza kesi yake ya trafiki iishe, anahudhuria, inaahirishwa, anaachiliwa huru, anasherehekea, kisha anakwenda kwa wakili na kuambiwa muda umepita. Kesi ya trafiki na dai la gari ni mambo mawili. Kama gari lilitoweka Machi 14, anza kuhesabu Machi 14, hata kama bado uko ndani.